Nunua Bao Linalochezeka

Ukitaka kujua kama aliyechonga bao anajua kulicheza, achana kwanza na nakshi za pembeni. Tafuta nyumba. Kwenye bao la kiswahili kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane, na katika safu yake ya ndani, shimo la nne kuanzia mkono wake wa kulia ndilo nyumba. Hilo huchongwa mraba, mengine yote huwa ya duara. Sasa, wachezaji wanakaa wakikabiliana, na kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule. Kwa hiyo nyumba mbili za bao la kweli hazitazamani. Zinakaa mshazari: mbele ya nyumba yako kuna shimo la kawaida la mwenzako, na nyumba yake iko hatua moja kushoto kwako. Ukikuta mashimo ya mraba yametazamana sawasawa, au yametupwa safu ya nyuma, au yamewekwa kwenye pembe nne kama urembo, ujue fundi aliona picha ya bao tu. Hajawahi kuketi nalo.

Wengi wanaoanza kukusanya mabao huanza na maswali mengine. Ni mpingo huu? La zamani hili? Limetoka Lamu? Maswali hayo yana mahali pake na tutayafikia. Lakini bao ni chombo cha kazi kabla hujaliita pambo, na chombo hupimwa kwa kazi yake. Msimamo wangu ni huu: bao lisilochezeka, hata likichongwa nakshi za mlango wa Unguja, usilitolee pesa ya bao. Litolee pesa ya ubao, ukilipenda sana.

Basi ukienda kununua, nenda na mfuko wa komwe. Mbegu hizi za mkomwe, za kijivu, ngumu, zinazoteleza kiganjani, ndizo kete ambazo bao la pwani limezizoea, na vipimo vya bao zuri vimetokana nazo. Mchezo mzima unataka kete 64, yaani 32 kwa kila upande, ila kwa jaribio lako ishirini zinatosha. Zimimine zote ndani ya nyumba. Mchezo unapoanza, nyumba inakuwa na kete sita tu, mashimo mawili yanayoifuata kulia yana mbili mbili, na zile 22 zilizobaki ziko mkononi, zikiingizwa moja moja katika hatua ya kunamua. Lakini mchezaji anayejua thamani ya nyumba huilinda na kuiacha inenepe, ikafika kete kumi, kumi na tano, pengine zaidi. Nyumba ikiwa finyu zinafurika na kumwagikia shimo la jirani, na hapo ndipo ugomvi unapoanza kijiweni.

Zikishakaa, zichote kwa mkono mmoja, kwa mkupuo mmoja, macho ukiyaelekeza kwingine. Mkono ukitoka nazo zote, umepata fundi. Zikibaki mbili tatu kwenye kona, ukicheza utakuwa unachokonoa kila mara, na mwenzako ana haki ya kuuliza umeacha ngapi. Nyumba, ingawa mdomo wake ni mraba, kitako chake kinapaswa kuwa kimebonyea taratibu, bila kona kali chini. Mashimo ya duara vivyo hivyo. Yale yaliyotobolewa kwa mashine utayatambua mara moja: kitako bapa, ukuta umesimama wima, yote 32 yamelingana. Yanapendeza rafuni, na kuyacheza ni adhabu. Shimo la mkono lililochimbwa kwa bobari halifanani kabisa na jirani yake, na ukipitisha ncha ya kidole ndani utahisi mikwaruzo midogo ya chuma chini ya ulaini wa msasa. Mikwaruzo hiyo usiidharau. Ndiyo sahihi pekee ambayo wachongaji wengi wa mabao wameiacha.

Halafu tazama kuta zinazotenganisha mashimo ya safu moja. Nyuzi za mti hukimbia kwa urefu wa bao, kwa hiyo kila ukuta unaokata safu una nyuzi fupi sana, na hapo ndipo bao huvunjika kwanza. Ukuta mwembamba unapendeza kwa macho na unarahisisha kusambaza kete, lakini bao likianguka mara moja unabanduka kipande. Ukuta mnene nao unauchosha mkono, kwa sababu kidole kinarukia mbali kila kete. Mimi napenda ukuta unaokaribia unene wa kidole cha mwisho. Mwisho wa yote, liweke bao sakafuni na ulibonyeze pembe moja baada ya nyingine. Likiyumba, liache, au omba punguzo na ujue una kazi ya randa nyumbani.

Mashimo ya ghala kwenye ncha, yale makubwa ya kuhifadhia kete ambazo hazijaingia, si lazima. Wapo wanaozishika mkononi au kuziweka mkekani. Lakini bao lenye ghala linapunguza upotevu wa kete, na lile lenye mfuniko wa kuteleza juu ya ghala huwa limechongwa na mtu aliyefikiria safari.

Tuje kwenye mti. Mpingo ndio unaotajwa zaidi, na ndio unaodanganyiwa zaidi. Huu ni mti unaokua polepole; unahitaji kama miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na hata hapo shina lake mara nyingi limepinda, lina uwazi ndani, na kiini chake cheusi kimezungukwa na mti wa nje wa rangi ya njano iliyopauka. Kupata kipande kimoja kilichonyooka, kipana cha kutosha safu nne za mashimo, ni jambo la nadra. Kwa hiyo ukionyeshwa bao kubwa, jeusi tii kutoka ncha hadi ncha, kwa bei ya kutupa, jiulize jinsi muujiza huo ulivyotokea. Mara nyingi ulitokea kwenye kopo la kiwi ya viatu. Mti mwepesi unapakwa, unasuguliwa, unang'aa.

Dawa yake ni rahisi. Beba kitambaa cheupe, kitie spiriti kidogo, usugue ndani ya nyumba na kwenye mgongo wa bao, mahali ambapo muuzaji hakutarajia. Kitambaa kikitoka cheusi kama masizi, umepata jibu. Nyanyua pia. Mpingo ni mzito kiasi kwamba huzama majini, na bao lake litakulazimisha utumie mikono miwili. Tena mpingo halisi si mweusi wa wino. Ukiutazama juani utaona michirizi ya kahawia na zambarau iliyokoza.

Nikiulizwa, lakini, sitakushauri uanze na mpingo. Bao la mpingo ni la kutazamwa zaidi ya kubebwa. Kwa kucheza kila siku, mabao ya mninga na mkongo yanatosha na kuzidi: yana uzito wa kutulia sakafuni, hayachoki upesi, na rangi yake huiva kwa jasho la mikono. Mvule una faida ya kutopendwa na mchwa. Mfenesi ni mwepesi, unachongeka bila kelele, na unjano wake mpya hugeuka kahawia mzuri baada ya miaka. Kenya, wachongaji wengi wamegeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda kwa sababu muhugu na mpingo vimeadimika. Usiyaone mabao hayo kuwa ya daraja la pili. Mwarobaini uliokauka vizuri ni mti wa kuaminika.

Neno "uliokauka" lizingatie, kwa sababu mabao mengi hufa kwa ubichi. Bao ni kipande kinene cha mti mmoja, na kipande kinene hukauka nje upesi na ndani taratibu, ndipo kinapasuka. Geuza ncha mbili za bao uzielekeze kwenye mwanga. Kama unaona duara dogo la katikati ya mti, ule moyo ambao pete zote zinauzunguka, lirudishe mahali pake hata kama umelipenda. Bao lenye moyo wa mti ndani yake litapasuka, swali ni lini. Bao zuri limetolewa pembeni mwa gogo, na nchani utaona pete zimepinda kama upinde tu, bila kitovu. Angalia pia nyufa zilizozibwa kwa unga wa mbao na gundi, kisha kupakwa rangi. Ukucha utazigundua hata pale jicho linaposhindwa.

Kuhusu uzee, niseme bila kuzunguka: mabao mengi yanayouzwa kama ya babu wa babu yamezaliwa baada ya wanunuzi wake. Kuzeesha bao ni kazi ya siku chache. Linapakwa chai ya rangi nzito, linafukizwa moshi, linagongwagongwa kwa mnyororo, linafukiwa mchangani. Anachosahau mzeeshaji ni kwamba uzee wa kucheza hauenei sawa. Bao lililochezwa kweli limelainika zaidi mahali ambapo mkono hupita: midomo ya mashimo ya ndani, kingo za nyumba, na ule ukingo wa nje ambapo kiganja cha mchezaji hupumzika akisubiri. Mgongo wake umekwaruzika kwa kuburutwa sakafuni, na mikwaruzo hiyo inaelekea upande mmoja au miwili, haikutawanyika ovyo. Ndani ya mashimo kitako kinang'aa na kuta zimefifia. Ukikuta bao limechakaa sawasawa kila mahali, hata nchani ambako hakuna anayegusa, muuzaji wako ana hadithi nzuri na bao jipya.

Kinyume chake, kuna kasoro zinazopandisha hadhi ya bao. Ufa uliofungwa kwa waya wa shaba, kipande cha bati kilichopigiliwa misumari midogo, shimo lililozibwa kwa mti wa aina nyingine: hayo ni matengenezo ya watu walioona afadhali kulitibu bao kuliko kulitupa kuni. Usiyabandue. Fundi wa samani atakwambia anaweza kulirudisha liwe jipya, na kweli anaweza, ila utabaki na bao jipya tu, na hilo ungelinunua kwa nusu ya bei.

Mahali pa kununua ni swali linalostahili uangalifu. Mwenge Vinyago, Dar es Salaam, au kwa wachongaji wa Kikamba kule Changamwe, Mombasa, utakuta uteuzi mkubwa na unaweza kumpata mchongaji mwenyewe. Maduka ya Mji Mkongwe yana mabao mazuri yaliyochanganyika na takataka za watalii, hasa yale madogo ya kukunjwa kwa bawaba yenye safu mbili za mashimo sita. Hilo si bao la kiswahili. Ni mchezo mwingine uliokuja kutafuta soko. Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuagiza. Kaa na mchongaji, mpe komwe zako, mwonyeshe kwa kidole nyumba zinakaa wapi, kubalianeni mti, na mwache achukue muda wake. Ukimharakisha atachonga mti mbichi, na kosa litakuwa lako.

Kisha kuna majaribu ya kijiweni. Utaona wazee Jaws Corner, Unguja, au uwanjani Mkunguni, Lamu, wamelizunguka bao lililochakaa likapendeza, na utatamani kutoa noti. Tafadhali jizuie. Bao la kijiwe mara nyingi si la mtu mmoja, na anayekubali kuliuza huenda hana ruhusa ya wenzake. Kama wenyewe, kwa pamoja, wanataka kulibadilisha, wapelekee kwanza bao jipya lililo bora, walicheze wiki kadhaa na walikubali, ndipo mzungumze juu ya lile la zamani. Ukilipata, andika jina la kijiwe na mwaka. Hapo umenunua kitu chenye nasaba.

Kuandika ni nusu ya kukusanya. Karatasi ndogo yenye jina la mchongaji, mti, mji, mwezi na mwaka, na nani alilicheza kabla yako, inalipa bao thamani ambayo hakuna nta inayoweza kuileta. Ihifadhi kwenye bahasha pamoja na picha ya mgongo na ncha. Usigundishe kitu kwenye bao lenyewe, wala usichonge jina lako.

Ukipanga kulisafirisha bao nje ya nchi, uliza kabla ya kufunga mzigo. Vitu vya kale vina sheria zake: Tanzania Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya kuna ile ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Bao jipya halikuletei shida hiyo, lakini stakabadhi ya mchongaji inayoonyesha kwamba ni jipya itakuokoa mbele ya ofisa wa forodha. Kwa mpingo kuna jambo la ziada. Tangu Januari 2017 jamii yake yote ya miti iko chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Bidhaa zilizokamilika zenye uzito wa mti usiozidi kilo 10 kwa shehena zimesamehewa kwa upande wa mkataba, kwa hiyo bao moja la kawaida linapita. Mabao matano kwenye sanduku moja ni habari nyingine. Sheria za nchi unayotoka na unayokwenda nazo zinabaki palepale.

Unaweza kuutanua mkusanyo wako kwa kutazama ndugu wa bao. Omweso wa Uganda na igisoro cha Rwanda navyo vina safu nne za mashimo manane na kete 64, ila hutakuta nyumba ya mraba. Malawi wana bawo lao. Weka omweso na bao la kiswahili kando kwa kando, utaona kila mchongaji alivyofikiria mkono wa mchezaji wake. Kabla ya mbao palikuwa na mawe: Hyrax Hill, karibu na Nakuru, kuna safu za mashimo ya mchezo yaliyochimbwa kwenye mwamba. Na kwa anayedhani mchezo huu ni wa wasio na kazi, Makumbusho ya Uingereza, London, yana sanamu ya mti ya mfalme Shyaam wa Wakuba wa Kongo, ameketi, na mbele ya miguu yake pamechongwa bao. Wakuba wangeweza kumwekea mkuki.

Sasa bao lipo nyumbani. Adui wake wa kwanza ni mabadiliko ya ghafla ya hewa. Bao lililozaliwa kwenye unyevu wa pwani, likiingizwa chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa, au likipelekwa Muscat au Stockholm, litapoteza maji upesi na kupasuka nchani. Kwa wiki za mwanzo lifunge ndani ya mfuko wa karatasi, si wa plastiki, ulioachwa mdomo wazi kidogo, ili likauke polepole. Paka ncha zake nta ya nyuki kwa unene zaidi kuliko kwingine, kwa maana nchani ndiko maji hutokea. Usiliweke dirishani juani, wala juu ya friji.

Kwa mafuta, wengi hukimbilia ya nazi kwa sababu yapo jikoni. Yanang'arisha siku hiyo, kisha yanachacha, yananata, yanakusanya vumbi. Afadhali nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta ya kitani, ukipaka kidogo sana, ukisugua kwa kitambaa cha pamba mpaka mkono usihisi utelezi. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Ndani ya mashimo paka kidogo zaidi, au usipake kabisa, kwani kete zenyewe husugua. Vanishi ni mwiko. Inaufunga mti, inakwaruzika vibaya kwa kete, na kuiondoa ni kazi ya kulia.

Adui wa pili ni bungua. Ukiona unga mpya, mweupe kama wa muhogo, chini ya bao asubuhi, litenge na mengine siku hiyohiyo. Sumu za dukani hupenya kidogo na hubaki mahali unapogusa kwa vidole. Njia safi ni baridi: lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liingize kwenye friza lenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha liache lirudi kwenye joto la kawaida likiwa bado limefungwa, ili umande uishie nje ya mfuko. Baadaye ziba matundu kwa nta ya rangi ya mti, ili ukiona tundu jipya ujue kazi haijaisha.

Komwe nazo usizisahau. Nunua au okota zaidi ya 64, kwa sababu zitapotea chini ya makochi na mikononi mwa watoto. Gololi za kioo zinatoa sauti kali na zinatafuna midomo ya mashimo. Mawe ni mabaya zaidi. Kama huna komwe kwa sasa, maharage makubwa yaliyokauka yatakusogeza.

Na kama una mabao matatu au manne ambayo hayajaguswa tangu mwaka jana, chagua moja, uliazime kijiwe kilicho karibu na kwako kwa miezi sita. Mpe mtu mmoja dhamana, andikishianeni. Litarudi na mikwaruzo michache, na litarudi likiwa zuri kuliko ulivyolitoa.